Somoe, Kitambaa Hakitoki Damu

Leo umeniletea picha kwenye simu, Somoe,
si ya mshono.
Kiuno cha mtu wa mbali, kimeingia ndani kama cha mtungi,
chini yake bei na namba ya kupiga.
Umefunga mlango wa banda, soko lote la Newala
likabaki nje na ukungu wake,
ukasema: nipime, fundi,
niambie zitoke sentimita ngapi.

Nimekupima tangu sare za shule.
Daftari langu linakujua:
sabini na moja, mwaka wa ndoa;
tisini na nne, baada ya Nandule na mdogo wake;
mia na mbili, mwaka uliomzika mama yako
ukawa unakula usiku, jikoni, umesimama.
Daftari halijawahi kuandika "mbaya".
Limeandika: ongeza inchi mbili pembeni.

Fedha unayo. Mnada wa korosho umelipa,
na mgongo uliobeba bomba la salfa ni wako.
Sikwambii ukanunue bati.
Ila kabla hujapanda basi la Dar,
kaa hapo juu ya vitambaa unisikilize
mimi ambaye kazi yangu ni kukata.

Nikikosea, nafumua.
Bega likikaa upande mteja ananitukana,
tunacheka, narudia.
Wewe hufumuliwi.

Mdogo wangu Fidea, muuguzi wa chumba cha upasuaji,
alinieleza siku moja tunabangua korosho:
wanapitisha mrija chini ya ngozi, wanasukuma, wanavuta,
na yanayotoka ni mafuta ya juu tu.
Yale ya ndani, yaliyokumbatia utumbo na ini,
mrija hauyafikii.
Hayo dawa yake unaijua, naijua,
na sote wawili hatuipendi.
Mzani wa zahanati hautashtuka sana, alisema.

Nikamuuliza: na ngozi je?
Maana ukipunguza pamba ya mto, foronya inalegea.
Fidea akapangusa utomvu mikononi.
Inategemea, akasema. Hakuendelea.

Na mkorosho unaujua kuliko mimi:
unaupogolea huku, unachipua kule.
Ukirudi ukala vilevile
mafuta yatatafuta mgongo, mkono,
mahali ambapo sijawahi kukuongezea inchi.

Muulize huyo daktari amesomea nini, na wapi.
Usione haya. Mimi watu hunihoji nusu saa
kwa sketi ya shilingi elfu kumi.
Muulize ni nani atakayekupa nusu kaputi,
na ukichelewa kuamka watakukimbiza wapi.
Muulize habari ya damu kuganda mguuni
ikapanda hadi mapafuni.
Akisema hakuna hatari hata kidogo,
chukua mkoba wako, toka,
hata kama umeshalipa.
Na vidonge vyako vya presha usimfiche,
wala ile mizizi unayochemsha.

Halafu wiki kadhaa ndani ya nguo ya kubana,
usiku na mchana, na joto la Dar,
majimaji yakivuja, umevimba,
kioo kikikuonyesha mtu mnene kuliko aliyeondoka.
Utakuwa kwa nani?
Nani atakushikia beseni?
Mumeo umemwambia, au umesema unakwenda harusini?

Hukujibu hilo.
Umeshika futi yangu, ukaizungusha kidoleni,
ukasema: mahafali ya Nandule, fundi,
kijana mmoja aliinuka, akanipisha kiti.
Akasema, kaa mama, usisimame na mtoto tumboni.

Watu walitazama.
Nikakaa.

Cherehani yangu ina kelele nyingi, Somoe,
lakini leo haikunisaidia.
Nilikuwa na maneno ya mrija na maneno ya damu;
la kiti kile sikuwa nalo.

Nimekupima. Mia na nane.
Nimeandika, na mbele yake nimeacha nafasi,
na nafasi hiyo si ushauri.
Jumapili Fidea anakuja; njoo umuulize mwenyewe
yale niliyoyasahau.

Mlangoni umegeuka, umetoa kitenge kwenye mkoba,
kipya, cha manjano, bado kina karatasi ya dukani.
Usikikate kwanza, umesema.

Mkasi nimeuning'iniza.